Kiwambo Hakitoshi: Istilahi na Vibanda vya Picha Mpakani

Wapenzi wa Kiswahili tumezoea kujadili istilahi ndani ya kumbi za makongamano. Makala haya yanamwalika msomaji katika vibanda vya picha vya Busia na Malaba, upande wa Kenya, ambako istilahi moja isiyotulia yaweza kumpotezea mtu kazi ya siku nzima.

Miji hii ya Kaunti ya Busia huishi kwa watu wapitao. Malaba kuna reli na malori yaendayo Kampala. Busia kuna barabara itokayo Kisumu. Wateso wako pande zote mbili za mpaka, Wasamia vivyo hivyo, na mgeni wa mbali huelewana na wenyeji kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2014 Mkenya na Mganda waweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, lakini haja ya picha ndogo haijaisha: kuna fomu za pasipoti, za shule, za vyama vya akiba na mikopo.

Tatizo huanzia kwenye tarakilishi. Nyingi ya zile ndogo za kupakatwa zilizoenea duniani baada ya mwaka 2007 zilikuwa na kiwambo cha nukta 1024 kwa 600. Photoshop CS5 ya mwaka 2010 ilidai angalau 1024 kwa 768. Matoleo ya leo yanadai 1280 kwa 800. Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, programu za aina mpya zilizokuja nayo, ile ya picha ikiwemo, zilikataa katakata kufunguka chini ya 1024 kwa 768. Zilitoa ujumbe kwamba "resolution" ya kiwambo iko chini mno.

Ajabu ni kwamba picha ya mraba wa inchi 2, ikichapwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, inahitaji nukta 600 tu kwenda juu. Picha yenyewe ingeenea katika kiwambo kile kidogo bila kupunguzwa hata nukta moja! Kisichoenea ni vidirisha na vitufe vya programu.

Hapa ndipo neno linapoleta hasara. Mpiga picha analijua neno hilo la Kiingereza kwa upande wa picha, hivyo ni rahisi aiguse picha: aipunguze, aikuze, aiharibu, na kiwambo kibaki kilivyo. Au aipeleke mashine kwa fundi, naye mteja aondoke. Kumbe dawa ni kuunganisha kiwambo kikubwa zaidi, kurekebisha mpangilio wa kiwambo iwapo umeshushwa, au kutumia programu nyepesi. Akikimbilia kamusi ya kawaida atakutana na "azimio", neno linalotukumbusha Arusha ya mwaka 1967 na lisilomsaidia kitu.

Maoni yangu ni kwamba hatulazimiki kurithi mkanganyiko wa Kiingereza. Waingereza wana neno moja kwa mambo mawili. Sisi na tuwe na mawili. Kwa kiwambo tuseme "wingi wa nukta", na kwa picha ya kuchapwa "msongamano wa nukta". Wapo watakaosema "rezolusheni" inatosha. Tahajia ingekuwa yetu, lakini mkanganyiko ungebaki uleule. "Mwonekano" nao una kasoro, kwa kuwa picha yoyote ina mwonekano, nzuri au mbaya.

Pingamizi lenye uzito ni jingine. Maneno yetu ni marefu, na kitufe kirefu hudai nafasi zaidi katika kiwambo ambacho tayari hakitoshi. Hata hivyo, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, menyu zake zikiwa kwa Kiswahili, kwa hiyo kazi hii inawezekana.

Napendekeza basi wanachama wetu waendao nyanjani wasiishie kuhoji walimu. Wachukue istilahi mbili au tatu, waandike kwa kila moja ujumbe ule wa kukataa, wauoneshe wapiga picha wa Busia na Malaba, kisha waulize swali moja tu: ungebadilisha nini, picha au kiwambo? Istilahi itakayowafanya wengi wajibu "kiwambo" ndiyo iingie kamusini.