Umeme wa Mwadingusha na kalamu za walimu wetu

Huko Mwadingusha, mashariki ya Likasi, maji ya mto Lufira yanazungusha mashine za umeme tangu 1930. Bwawa lake ndilo lililozaa ziwa Tshangalele. Ukarabati uliolipiwa na mgodi wa shaba wa Kamoa-Kakula ulimalizika 2021: turbini 6, megawati 78. Habari za mashine hizo zimeandikwa sana. Habari za watu wanaokula samaki wa ziwa hilo zimeandikwa kidogo, ingawa maji machafu ya viwanda vya Likasi huteremka hadi humo.

Nani ataziandika? Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 na kufariki Marekani mwaka 2025, alionyesha katika kitabu chake cha 1988 jinsi Afrika ilivyojulikana duniani kwa maandishi ya wageni. Wasomi wetu wanaweza kubadili hali hiyo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kobalti nyingi katika miili ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Tangu hapo, malalamiko ya wanakijiji yana ushahidi.

Lakini walimu wengi huandika peke yao, usiku, baada ya masomo na shughuli za kutafuta chakula. Umeme unakatika, makala inalala miezi. Na bila makala zilizochapishwa, asistenti hapandi cheo.

Ndiyo maana tunavitazama kwa matumaini vikundi vya kuandika pamoja mtandaoni. Utaratibu wake ni rahisi. Watu watano au sita wanakutana saa iliyopangwa, kila mmoja anataja kipande atakachoandika, wote wananyamaza na kuandika, kisha kila mmoja anaeleza alipofika. Wengine husomeana kurasa na kusahihishana. Mpango wa AuthorAID, ulioanzia Uingereza mwaka 2007, huwaunganisha bure watafiti wa nchi kama yetu na washauri wazoefu, ingawa sehemu kubwa ni kwa Kiingereza.

Kwa makanisa ya mashariki jambo hili lina uzito zaidi. Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa AFC/M23, Januari na Februari 2025, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa na safari za kwenda kukutana na wenzao zikawa ngumu kwa walimu. Mwalimu wa Goma na wa Likasi wanaweza bado kuketi pamoja kwenye simu. Tusipoandika wenyewe yanayotupata, yataandikwa na wanaopita tu.

Hata hivyo, intaneti haitoshi. Mega ni ghali, na kikundi kisicho na uaminifu hufa baada ya wiki tatu. Tena, makala inayobaki kwa Kifaransa au Kiingereza haimsaidii mvuvi wa Tshangalele.

Biblia inatufundisha kwamba uandishi si kazi ya mtu mmoja. Yeremia alisema, Baruku akaandika. Mfalme alipolichoma gombo, waliketi tena wakaandika upya. Hata waraka wa Paulo kwa Warumi uliandikwa kwa mkono wa Tertio.

Basi, wapendwa, parokia yenye sahani za jua inaweza kutoa chumba na umeme saa mbili kila Jumamosi. Washirika wanaweza kuchangia mega. Na mwalimu aliyesaidiwa hivyo tumwombe jambo moja: akimaliza makala yake, asimame mbele ya kanisa na kutueleza kwa Kiswahili alichokiona katika maji, katika udongo au katika vita vyetu. Mama anayeuza samaki sokoni awe na nafasi ya kumwuliza maswali.