Cheti Kwanza, Mkopo Baadaye



Kila tunapozungumza juu ya makao ya familia changa, husikika sauti ileile: laiti Serikali ingetupunguzia kodi, na benki zikatukopesha kwa kianzio kidogo, kama wafanyavyo wenzetu ng'ambo! Hamu hiyo si dhambi. Lakini nasema wazi kwamba, katika Lubumbashi ya leo, ombi hilo limeanzia mwisho. Likikubaliwa lilivyo, watakaofaidika ni wale ambao tayari wana paa juu ya vichwa vyao.

Tuutazame mfano wenyewe. Nchini Marekani, idara ya FHA, iliyoundwa mwaka 1934, hudhamini mikopo ya nyumba ambayo mnunuzi aweza kuianza kwa asilimia 3.5 ya bei. Mwaka 2009, aliyenunua nyumba kwa mara ya kwanza aliweza kupata nafuu ya kodi ya hadi dola 8,000. Hata mwenye kodi ndogo alirudishiwa fedha. Kwa nini iliwezekana? Kwa sababu jina lake lilikuwamo katika daftari la kodi, na nyumba yake katika daftari la ardhi. Tena nchi hiyohiyo ilikuwa imeonja uchungu: mikopo iliyotolewa bila kupima uwezo wa mkopaji ilizaa msukosuko wa miaka ya 2007 na 2008, na mamilioni ya watu wakapoteza nyumba zao. Kianzio kidogo hakipunguzi bei, huongeza deni.

Sasa turudi kwetu. Dada auzaye samaki katika soko la komini ya Kenya, fundi wa magari wa Katuba, mchimbaji anayebeba gunia la madini mgongoni: hakuna kati yao mwenye hati ya mshahara, wala anayekatwa kodi ya mshahara. Utampunguzia kodi ipi? Na benki itashika dhamana gani? Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 yatamka kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali, na kwamba raia hupewa haki ya kuitumia. Haki hiyo huthibitishwa kwa cheti cha kuandikishwa, ambacho wengi wetu tunakiita sertifika. Karatasi ya mauzo yenye sahihi za mashahidi, hata ikipigwa muhuri wa kata, si cheti. Ndiyo maana parseli moja huweza kuuzwa kwa watu wawili, na mjane huweza kutolewa nje na shemeji zake kabla machozi hayajakauka.

Mji huu unapaswa kulijua jambo hili kuliko miji mingine. Wazee wetu waliishi katika kambi za Union Minière, kisha za Gécamines. Nyumba ilikuwa ya matofali, posho ilitolewa, shule na hospitali zilikuwa karibu. Lakini nyumba ilifuata kazi, kama posho ilivyofuata kazi. Kazi ilipoyumba, kila kitu kiliyumba nayo. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka katika ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, wakiwa na kitita kimoja cha fedha mkononi baada ya kukaa miezi mingi bila mshahara. Tujifunze: paa lisilo na jina lako ni fadhili, na fadhili huondolewa na aliyeitoa.

Wapo watakaonijibu: “Cheti chenyewe ni ghali, na njia ya kukipata ni ndefu.” Ni kweli, na hapo ndipo penye madai yetu. Nafuu ya kodi inayomfaa asiye na hati ya mshahara ni hii: Serikali imwondolee, kwa parseli yake ya kwanza, ushuru wa kubadilisha jina, na gharama zinazobaki azilipe kidogo kidogo. Cheti kiandikwe kwa jina la mume na la mke. Huo ndio mkopo wa kianzio kidogo ambao maskini aweza kuubeba. Mwaka 1891, katika waraka Rerum Novarum, Papa Leo wa Kumi na Tatu alitetea haki ya mfanyakazi kugeuza akiba ya mshahara wake kuwa mali yake halisi. Akiba isiyoweza kuandikwa jina haijawa mali bado.

Lakini tusielekeze kidole ofisini tu. Sheria ya mwaka 2015 juu ya upangaji imeweka kikomo cha garanti ya nyumba ya kuishi kuwa kodi ya miezi 3. Wapo wenye nyumba wanaodai zaidi, nasi tunalipa kimya, kila mmoja peke yake. Tena tunaunda kamati za harusi, tunakusanya michango kwa miezi, tunakodi ukumbi na magari. Jumatatu yake maharusi wanaanza kutafuta garanti. Likelemba tunaijua tangu utoto: kwa nini zamu ya kwanza ya kila ndoa mpya isiwe ya kulipia cheti? Mtu yule wa Injili ya Luka, aliyetaka kujenga mnara, aliketi kwanza akahesabu gharama. Sisi tunahesabu viti vya wageni.

Basi, vijana, msikubali kushangilia ahadi ya mikopo ambayo haitaji neno moja juu ya daftari la ardhi. Mkopo ukija kabla ya cheti, utampita maskini kama gari la mgodi linavyompita mwenda kwa miguu: atabaki na vumbi.

Maswali ya kutafakari pamoja:

1. Katika familia yako, ni jina la nani lililoandikwa kwenye karatasi ya parseli, na ni karatasi ya aina gani?

2. Kikundi chetu kinaweza kuweka kiasi gani kila mwezi, ili ndoa ijayo ianze na cheti?