Wabunge na Wafungwa wa Jirani

Serikali zetu za Afrika Mashariki zina hoja moja ambayo huikimbilia kila mbunge wa nchi moja anapothubutu kumtaja mfungwa wa kisiasa wa nchi nyingine: kwamba hayo ni mambo ya ndani ya taifa huru, na jirani mwema hachungulii dirishani. Hoja hiyo ni kongwe, wala haikosi ukweli kabisa. Walakini matukio ya miaka ya karibuni yameichakaza, kwa sababu wafungwa wenyewe hawakamatwi tena ndani ya mipaka hiyo inayotajwa kwa heshima kubwa.

Tuchukue kisa cha Dkt. Kizza Besigye. Mnamo tarehe 16 Novemba 2024, mwanasiasa huyo wa upinzani wa Uganda alitekwa hapa Nairobi, alikokuja kuhudhuria uzinduzi wa kitabu cha Bi. Martha Karua. Siku nne baadaye alionekana Kampala, katika mahakama ya kijeshi ya Makindye, pamoja na mwenzake Hajj Obeid Lutale, wakikabiliwa na mashtaka ya kupatikana na bastola. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kuwa haifai raia kuhukumiwa na mahakama za kijeshi. Mwezi uliofuata washtakiwa wakahamishiwa mahakama ya kiraia, safari hii kwa uhaini. Kabla ya nusu ya mwaka kupita, Bunge la Uganda lilikuwa limekwisha kupitisha sheria ya kuwarejesha raia mbele ya majaji wenye sare.

Sasa nauliza: hayo ni mambo ya ndani ya nchi gani? Mbunge wa Kenya anayetaka maelezo kuhusu Besigye hachungulii dirisha la mtu. Anauliza habari za mgeni aliyenyakuliwa sebuleni kwake mwenyewe.

Wanafunzi wetu wa leo huenda hawajui kwamba mkasa huu una pacha wake. Mwaka wa 1990 Koigi wa Wamwere, aliyepata kuwa mbunge wa Nakuru Kaskazini na wakati huo akiishi uhamishoni Norway, alitokea ghafla mahakamani Nairobi akishtakiwa kwa uhaini. Serikali ilisema alikamatwa humu nchini akiwa na silaha. Mwenyewe alisema alitekwa Uganda akavushwa mpaka. Norway ilipoonyesha kuijali kesi hiyo, Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi nayo mwezi wa Oktoba mwaka huo huo. Mashtaka ya uhaini yaliondolewa mwaka wa 1993. Ni nani leo, katika Kenya hii, anayeilaumu Norway?

Mara nyingi sauti za kuwatetea wafungwa wetu hutoka mbali. Mwezi wa Mei 2025 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio juu ya kukamatwa kwa Tundu Lissu wa Tanzania, naye alikuwa ameshtakiwa kwa uhaini mwezi mmoja kabla. Jibu la watawala katika hali kama hizo latabirika: ukoloni mamboleo. Ndiyo maana naona sauti ya jirani ina uzito ambao Ulaya haiwezi kuwa nao. Mbunge wa Nairobi, Kampala au Dodoma hawezi kuitwa mkoloni.

Wenzetu wa Kusini-Mashariki mwa Asia walilitambua hilo zamani. Umoja wao, ASEAN, ulijengwa juu ya kanuni ya kutoingiliana, na kwa kanuni hiyo Myanmar, ile iliyojulikana kama Burma, ilikaribishwa mwaka wa 1997, ilhali majenerali walikuwa wameyakataa matokeo ya uchaguzi wa 1990 na kumfungia Aung San Suu Kyi nyumbani kwake kwa miaka mingi. Novemba 2004, wabunge wa nchi kadhaa jirani walikutana Kuala Lumpur wakaunda kundi lao la kuitetea demokrasia ya Myanmar. Aliyeliongoza, Zaid Ibrahim wa Malaysia, hakuwa mpinzani. Alikuwa wa chama tawala. Walilenga mahali panapouma: Myanmar ilikuwa na zamu ya kuwa mwenyekiti wa ASEAN mwaka wa 2006, nao wakapinga isipewe kiti hali wafungwa wangali gerezani. Julai 2005, mjini Vientiane, majenerali waliiacha zamu hiyo, ikachukuliwa na Ufilipino.

Mfungwa hakufunguliwa siku hiyo. Suu Kyi aliachiliwa Novemba 2010, na baada ya mapinduzi ya Februari 2021 akafungwa tena. Aidha, alipokuwa serikalini na kuwatetea wanajeshi katika suala la Warohingya, baadhi ya wabunge hao hao wa jirani walimkosoa hadharani. Hilo huwakera wale wanaopenda mashujaa wasio na doa, lakini kwangu mimi ndiyo sifa ya wabunge hao: walitetea haki ya mtu, hawakuwa wapambe wake.

Basi Bunge letu la Afrika Mashariki lililoko Arusha lina nini? Mkataba wa Jumuiya wa 1999 unalipa uwezo wa kujadili mambo yote ya Jumuiya, na ibara ya 6 inataja utawala wa sheria na haki za binadamu miongoni mwa misingi yake. Tatizo liko kwenye muundo. Wajumbe tisa wa kila nchi huchaguliwa na bunge la nchi yao, ambamo chama tawala huwa na wingi. Tena akidi, kwa jinsi Mkataba ulivyoandikwa, hudai angalau thuluthi moja ya wajumbe wa kila nchi. Wajumbe wa nchi moja wakitoka ukumbini, hoja hulala.

Mahakama ya Jumuiya imekuwa jasiri zaidi. Tarehe 16 Novemba 2005 (tazama tarehe hiyo) walinda usalama waliizingira Mahakama Kuu ya Kampala na kuwakamata upya watuhumiwa wa uhaini waliokuwa wamepewa dhamana. Katika kesi ya Katabazi, mahakama ya Arusha iliamua Novemba 2007 kwamba Uganda ilikiuka Mkataba. Hata Katibu Mkuu aliyejitetea kuwa hakuwa na habari aliambiwa angeweza kuchunguza bila kungoja kuombwa.

Ibara ya 30 inamruhusu mkazi yeyote wa Jumuiya kufungua kesi ya namna hiyo, lakini ndani ya miezi miwili tu tangu tendo litendeke au alijue. Mbunge hakuwekewa kikomo hicho. Swali kuhusu usiku wa 16 Novemba 2024, Nairobi, angali anaweza kuliuliza.