Serengeti Ina Mlango wa Magharibi

Abiria atokaye Mwanza kwenda Musoma kwa basi, akishapita Lamadi na kabla ya kufika Bunda, hupita mbele ya lango la Ndabaka. Mkono wa kushoto liko Ziwa Viktoria; mkono wa kulia ni Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Nyakati nyingine pundamilia huonekana dirishani. Basi halisimami, na abiria aghalabu huendelea na usingizi wake.

Mazoea yametufanya tuidhanie Serengeti kuwa mahali pa wageni wafikao kwa njia ya Arusha na Ngorongoro. Hali ukanda wake wa magharibi una mambo ambayo mbuga tambarare za kusini hazina: mto Grumeti na mamba wake wakubwa, msitu wa kandokando ya mto wakaamo mbega, na makundi ya nyamera. Baina ya Mei na Julai nyumbu hupita huku wakielekea kaskazini. Mandhari hayo yatosha kumvuta mtu. Hata hivyo, mkazi wa Mara anayo sababu nyingine ya kuingia, nayo ni ng'ombe.

Sotoka iliingia Afrika Mashariki yapata mwaka 1890, ikafyeka ng'ombe, nyati na nyumbu pamoja. Wafugaji wengi wakafa njaa. Kwa miongo mingi baadaye maradhi hayo yaliendelea kuua nyumbu wachanga. Wengi waliamini kwamba wanyama wa porini ndio wanaowaambukiza ng'ombe. Katika miaka ya 1950 ng'ombe waliozunguka Serengeti walianza kuchanjwa, na kazi hiyo ikapata nguvu kwa chanjo bora aliyoitengeneza Walter Plowright huko Muguga, Kenya. Kufikia mwaka 1963 sotoka ilikuwa imetoweka miongoni mwa nyumbu, ingawa nyumbu hawakuchanjwa. Ikadhihirika kwamba chimbuko la ugonjwa lilikuwa zizini, si porini.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Nyumbu waliokadiriwa kuwa 250,000 mwaka 1961 walifikia kiasi cha 1,300,000 mwaka 1977. Walivyozidi kula nyasi, ndivyo mioto ya kiangazi ilivyopungua kwa kukosa kuni zake. Na mioto ilipopungua, miche ya migunga ikapata nafasi ya kukua. Sindano ya ng'ombe ikaotesha miti! Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani kote.

Basi wazee wa Kizanaki, Kiikizu, Kiikoma, Kikurya na Kisukuma waliopeleka mifugo yao kuchanjwa wana sehemu yao katika msafara ule ambao dunia nzima huja kuutazama. Mimi habari hii niliisoma mara ya kwanza katika maktaba ya chuo cha ng'ambo, nikaona haya.

Nitaambiwa kwamba mkulima wa Bunda ambaye shamba lake limeliwa na tembo usiku hana haja ya kulipa kiingilio akamtazame tembo yuleyule. Hoja hiyo ni nzito, wala matembezi hayawezi kuwa badala ya kifuta jasho kinacholipwa kwa wakati. Lakini mtoto wa mkulima huyo akimjua tembo kama mwizi tu, atakapokuwa diwani au mbunge ataamuaje juu ya mipaka ya hifadhi? Ile Ilani ya Arusha ya Septemba 1961 (si Azimio la 1967), iliyotamka kwamba tumekubali kuwa wadhamini wa wanyamapori, ni ya Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama. Udhamini wa kitu usichokiona ni mgumu.

Kiingilio cha raia ni sehemu ndogo sana ya kile atozwacho mgeni. Kikwazo ni gari. Napendekeza halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zishirikiane kukodi mabasi wakati wa likizo ya Juni, majira yaleyale ya nyumbu kupita. Wanafunzi waanzie Butiama, penye kaburi na makumbusho ya Mwalimu, kisha waingie Ndabaka. Na katika kila basi apewe kiti mzee mmoja anayekumbuka siku za sindano, asimulie yeye kabla ya mwongoza watalii.