Mtoto Anatoka na Nini Kwenye Staji?



Juma hili tuongee juu ya staji. Watoto wetu wanaosoma mambo ya biashara, mawasiliano, uchoraji au video wanapenda sana kupokelewa kwenye ajansi za matangazo, kule wanakotengeneza afishi, banderoli na matangazo ya redio. Barua ikikubaliwa, nyumba nzima inafurahi. Mama anatafuta viatu vizuri na franka za toleka asubuhi na jioni. Anayekaa Lubunga analipa na mtumbwi pia. Baada ya miezi mitatu tunamuuliza mtoto: umejifunza nini? Jibu tunalolisikia mara nyingi ni hili: "Nilifagia, nilichota maji, nilitoa fotokopi."

Kufagia si aibu, na hata sisi tuliokaa sokoni miaka mingi tunaanza siku kwa kufagia. Lakini fagio ni la kufungua kazi. Kama siku inaanza na fagio na kuisha na fagio, huyo si mwanafunzi, ni mtumishi asiye na mshahara, na anayemlipa ni mama yake.

Tumkumbuke mchoraji wetu Chéri Samba. Mwaka 1972, akiwa kijana mdogo, alitoka kijijini kwenda Kinshasa, akafanya kazi kwa wachoraji wa vibao vya matangazo. Mwaka 1975 akafungua atelye yake mwenyewe. Mwaka 1989 picha zake zilionyeshwa Paris. Ufundi wake ulianzia kwenye kibao cha barabarani, na kibao hakina huruma: wapita njia wasipokielewa, mwenye duka anarudi kulalamika. Ndivyo mkono unavyozoea kazi.

Hapa kwetu Kisangani tunao Studios Kabako, iliyoanzishwa na Faustin Linyekula mwaka 2001 kule Kinshasa, kisha ikahamia kwetu. Si ajansi ya matangazo, ni nyumba ya dansi, tamthilia, muziki na video. Lakini inatufundisha jambo moja: kijana anajifunza vizuri anapotengeneza kitu ambacho watu watakuja kukitazama au kukisikiliza.

Wakubwa wa ajansi wanatuambia: "Kazi ya mteja si ya kuchezea." Ni kweli, mteja ametoa pesa yake. Lakini hakuna anayeomba mtoto apewe kazi nzima siku ya kwanza. Apewe kipande. Aandike maneno matatu tofauti ya tangazo moja la redio, msimamizi achague na amwambie kwa nini mawili yameanguka. Apeleke afishi sokoni kabla haijachapwa, awaulize wauza samaki wameelewa nini, arudi na majibu yao. Akae kimya kwenye kona mteja anapoongea, aone namna bei inavyokubaliwa. Hayo hayaharibu kazi ya mtu.

Basi, kabla mtoto hajaanza, tumsaidie kuuliza mambo haya kwa heshima:

- Nani atakuwa msimamizi wangu, na ataangalia kazi yangu siku gani?
- Ni kitu gani nitakachokuwa nimetengeneza staji ikiisha?
- Nitaruhusiwa kubaki na nakala, niionyeshe ninapotafuta kazi?
- Je, pesa ya usafiri ipo, hata kidogo?

Kwa binti zetu tunaongeza neno. Staji haidai kubaki ofisini usiku peke yake na mkubwa, wala kumfuata hotelini "kuonana na mteja". Tumwambie mapema kwamba akikataa na kurudi nyumbani bila cheti, mlango uko wazi na hakuna atakayemgombeza. Mtoto asiyejua hivyo ananyamaza.

Na sisi wenyewe tunaweza kuwa mteja wa kwanza. Vikundi vyetu vinatengeneza sabuni, vinauza mawese, mchele na unga wa muhogo, lakini chupa na mifuko yetu haina hata jina. Kikundi kimoja kimwite stajieri mmoja, kimwambie tunauza nini, kwa nani, kwa bei gani. Achore etiketi, tuikosoe, aichore tena. Tumpe kitu kidogo mkononi, na jina lake liandikwe kwenye daftari la kikundi. Yeye anapata kazi ya kuonyesha, sisi tunapata sabuni inayojulikana mpaka ng'ambo.

Mkutano ujao, kila kikundi kije na bidhaa moja isiyo na jina. Mama mwenye mtoto anayetafuta staji aje naye, na kalamu yake.