*TAMKO LA TAWI: MWENYE NYUMBA NI MWENZETU, NA MPANGAJI NI MWENZETU*



Ofisi ya Tawi imekuwa ikipokea malalamiko ya jambo moja kutoka pande mbili. Wapangaji wanalalamika kudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kupandishiwa kodi bila taarifa na kukuta kufuli jipya mlangoni. Wenye nyumba wanalalamika kuhusu wapangaji wanaolimbikiza deni kisha wanahama usiku. Wote wana kadi za Chama, na kila mmoja anataka Tawi liwe upande wake. Tumeona tuseme msimamo wetu hadharani, ili wote wasikie neno lile lile.

Tuanze kwa kusema ukweli kuhusu mwenye nyumba wa mtaa wetu. Wengi wao si matajiri wa maghorofa. Ni wastaafu, wajane na mafundi waliojenga chumba kimoja kimoja kwa miaka mingi, na kodi ndiyo pensheni yao. Fedha ya miezi sita ndiyo inayolipa ada za Januari, gari la maji taka na bati lililooza. Hatuna haki ya kumwita mnyonyaji mama anayeishi kwa vyumba vinne.

Sasa tuangalie hesabu ya mpangaji. Tuchukue mfano wa chumba cha Sh 60,000 kwa mwezi. Miezi sita ni Sh 360,000. Dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja, Sh 60,000. Kijana wa bodaboda au mama ntilie anatakiwa awe na Sh 420,000 mkononi kabla hajatandika godoro. Wapo wanaozipata kwa mikopo ya kausha damu. Mtu wa namna hiyo anaingia chumbani tayari ana deni, na mwezi wa saba ukifika, mwenye nyumba anashangaa kwa nini halipi.

Kuna wanaouliza kwa nini bei isipangwe na Serikali. Nchi yetu imepita huko. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh 100,000 yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1991, kule Zanzibar, miiko ile ya uongozi ililegezwa. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 nayo ilifutwa mwaka 2005. Leo kiasi cha kodi ni makubaliano ya watu wawili, na kiongozi anaruhusiwa kupangisha. Lakini swali la mwaka 1967 bado lina uzito: kiongozi akiwa mwenye nyumba, mpangaji wake akionewa aende kulalamika kwa nani?

Kwa wenye nyumba wanaofikiria kupandisha kodi, tunaomba wachukue kalamu. Mpangaji wa Sh 60,000 anayekaa mwaka mzima anakuingizia Sh 720,000. Ukipandisha hadi Sh 80,000 akaondoka, chumba kikakaa wazi miezi miwili na ukatumia Sh 50,000 kupaka rangi, mwaka unaisha na Sh 750,000. Umepata Sh 30,000 tu. Kikikaa wazi miezi mitatu, unabaki na Sh 670,000, yaani umepata hasara ya Sh 50,000. Mpangaji mwaminifu ni mali. Kumpoteza kuna gharama, hata kama haionekani kwenye daftari.

Kodi ya majengo nayo inaleta ugomvi. Tangu mwaka 2021 inakatwa kupitia Luku, na tangu mwaka 2023 nyumba ya kawaida inakatwa Sh 1,500 kwa mwezi, sawa na Sh 18,000 kwa mwaka. Kodi hii ni ya mwenye jengo. Anayenunua umeme anamlipia tu, kwa hiyo ni haki yake kurudishiwa au kupunguziwa kwenye kodi ya chumba. Fedha ni ndogo, lakini ugomvi wake si mdogo.

Baada ya kuyapima hayo yote, Kamati ya Siasa ya Tawi imekubaliana yafuatayo:

1. Viongozi wa Tawi na mabalozi wenye nyumba za kupangisha wataanza wao kupokea kodi ya miezi mitatu badala ya sita. Kwa wanachama wengine huu ni wito, si amri.

2. Kila upangaji uwe na mkataba wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja: kiasi cha kodi, tarehe, nani analipa Luku na maji, na taarifa ya miezi mingapi kabla ya kupandisha kodi au kuhama. Malipo yawe na risiti.

3. Mpangaji aliyeugua au kupoteza kazi aseme mapema, na deni liandikiwe ratiba mbele ya shahidi. Kukaa kimya na kuhama usiku ni wizi, na Tawi halitamtetea mwanachama yeyote kwa hilo.

4. Kufunga mlango, kukata umeme au kung'oa bati mtu akiwa ndani ni marufuku kwa kiongozi yeyote wa Tawi hili. Mgogoro uanzie ofisi ya serikali ya mtaa kwa usuluhishi. Ukishindikana huko, lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

5. Hakuna kiongozi wa Chama atakayetumwa kumhamisha mpangaji wala kumkingia kifua mdaiwa. Kiongozi wa Chama si dalali, wala si mgambo.

Tunajua azimio la kwanza litawauma baadhi yetu, kwa sababu linagusa mifuko yetu wenyewe. Ndiyo maana tumeliweka la kwanza. Hatuwezi kumwomba mjane apunguze miezi wakati sisi tunachukua sita.

Mwenye hoja tofauti aje nayo kwenye mkutano wa Tawi. Tutamsikiliza.

Kidumu Chama.

*Katibu wa Tawi*
_Kwa niaba ya Kamati ya Siasa ya Tawi_