Ubaridi wa Mteja, Jasho la Mpishi

Kila kaskazi inapoingia, tangu Desemba hadi Machi, wenye migahawa ya Gerezani na Kariakoo huuliza swali moja: nimpoze vipi mteja wangu? Ni swali halali la biashara. Mtu anayetokwa jasho juu ya sahani ya pilau hali kwa raha, na kesho harudi. Lakini nasema hilo ni nusu ya swali. Nusu iliyobaki ni hii: joto linaloondolewa ukumbini linapelekwa kwa nani?

Kiyoyozi hakiumbi ubaridi. Hunyonya joto la ndani na kulitema nje, pamoja na joto la mashine yenyewe. Katika vichochoro vya Kariakoo, nje si uwanja mtupu. Nje yupo mama lishe na jiko lake la mkaa, yupo mbeba mizigo, yupo machinga aliyesimama tangu alfajiri. Na nyuma ya ukuta wa ukumbi huohuo yupo mpishi, katika jiko lisilo na dirisha wala dohani, ambaye kiyoyozi hakimhusu. Mteja anakaa nusu saa. Mpishi anashinda humo kutwa.

Wapo watakaonijibu kwamba hiyo ndiyo gharama ya mji kukua. Nakataa. Nyumba za Kiswahili zilizojengwa katika viwanja hivihivi zilikuwa na baraza mbele, korido ndefu ya kupitisha upepo hadi uani, na jiko huko uani, mbali na vyumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, msanifu majengo wetu Beda Amuli alipobuni Soko la Kariakoo, aliliezeka kwa miavuli mikubwa ya zege iliyopitisha hewa na mwanga, na kukinga maji ya mvua. Maarifa tunayo. Tulichofanya ni kubomoa nyumba, kupandisha ghorofa hadi ukingo wa kiwanja na kuufuta ua. Sasa tunanunua kwa LUKU upepo tuliokuwa tukiupata bure.

Simlaumu mwenye mgahawa mdogo. Yapo anayoweza kuyafanya: matundu juu ya ukuta ili hewa ya moto ipande itoke, dohani juu ya jiko, kivuli upande wa magharibi, feni ya darini ambayo hula wati zisizofika mia, ilhali kiyoyozi cha chumba kimoja hula elfu moja hivi. Lakini hawezi peke yake kupanda miti barabarani, wala kumzuia jirani asizibe njia ya upepo. Hiyo ni kazi ya mamlaka ya mji.

Kwa hiyo nasema nanyi, watumishi wa umma. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haikutungwa kwa ajili ya viwanda vikubwa pekee. Jiko la mgahawa nalo ni mahali pa kazi. Mkaguzi asiishie ukumbini kwenye feni. Aingie jikoni saa saba mchana, asimame humo dakika kumi, ndipo atie sahihi. Jengo litakalokuwa na mgahawa lisipewe kibali kama mchoro wake hauoneshi jiko litapumulia wapi. Na mama lishe ajengewe kivuli cha kudumu, badala ya kuhamishwa kila msimu na turubai lake.

Nanyi wanafunzi na wanaharakati, tumezoea kulipokea joto la Dar es Salaam kama kazi ya Mungu, na hivyo hatumdai mtu yeyote. Jua ni la Mungu. Jiko lisilo na dirisha lilichorwa na mtu, likaidhinishwa na mtu mwingine, na huyo wa pili ana ofisi na saa za kazi zinazojulikana.